Kupanga Nyumba Yenye Sakafu ya Mbao Moshi au Arusha

Nyumba nyingi za kupanga Moshi na Arusha zina sakafu ya saruji au vigae, kwa hiyo mpangaji anayekuta sakafu ya mbao, iwe katika nyumba kongwe ya Shanty Town mjini Moshi au katika ghorofa la Njiro, huvutiwa na mng'ao wake akasahau kuikagua. Sakafu hiyo ni njema kuishi nayo, hasa Juni na Julai baridi inapokaza na kigae kikawa hakikanyagiki bila kandambili. Lakini adui yake ni maji, na madhara ya maji ndiyo yanayogombaniwa siku ya kuhama. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba hali ya sakafu iandikwe kabla ya kulipa kodi, ambayo kwetu mara nyingi hudaiwa ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo.

Omba kuiona nyumba mchana, mazulia yakiwa yamekunjwa. Niliwahi kupanga Moshi nyumba ambayo sebule yake ilikuwa imetandikwa zulia kubwa, nikaona haya kumwomba mwenye nyumba alifunue. Masika yalipofika, mbao za karibu na mlango wa bafu zilifura hadi mlango ukakataa kufunguka, na nilipolifunua zulia nikakuta doa jeusi la siku nyingi, ambalo sikuwa na namna ya kuthibitisha kwamba nililikuta. Gharama nililipa mimi.

Anzia pale maji yanapokaribiana na mbao, yaani mlango wa bafu, sinki la jikoni na chini ya madirisha. Bonyeza kwa kidole gumba, kwa maana mbao nzima haibonyei. Kisha gonga, na ukisikia mlio wa uwazi, ujue mbao imeachia chini au imeliwa kwa ndani. Mchwa huacha vijia vya udongo kwenye kona za ukuta. Bungua huacha vitundu vidogo vya mviringo, na ukiona ungaunga mpya pembeni mwa vitundu hivyo, fahamu kwamba bado wanakula. Mwisho, kwa idhini ya mwenyeji wako, dondosha matone mawili matatu ya maji mahali panapokanyagwa sana. Yakisimama kama umande juu ya jani la magimbi, vanishi bado ipo. Yakizama na kuacha weusi, vanishi imekwisha na mbao iko uchi.

Nyufa nyembamba unazoziona Februari zisikutishe, kwa kuwa mbao hunywea hewa ikikauka na hutanuka mvua zikianza. Za kutiliwa shaka ni mbao zilizopinda kingo.

Uliza pia ni mbao gani. Mninga, mvule na msaji hustahimili miaka mingi na zinaweza kupigwa msasa na kupakwa vanishi upya, ilhali zile za bandia, ambazo juu ni picha ya mbao tu, hazipigwi msasa, zikifura hung'olewa. Mkataba utaje aina hiyo, uambatanishwe na picha zenye tarehe za kila chumba, na useme wazi nani atalipia msasa na vanishi na kwamba uchakavu wa kawaida haumhusu mpangaji. Dalali atakuambia kuna mteja mwingine njiani, usikubali kuharakishwa.

Ukishahamia, badilisha namna ya kudeki, na umweleze vizuri anayekusaidia kazi za nyumbani, maana kumwaga maji na kuyasukuma kwa tambara, kama tulivyozoea kwenye saruji, huingiza maji katika maungio ya mbao. Fagia kwanza kwa ufagio laini, kwa kuwa vumbi letu lina chembe zinazokwaruza vanishi kama msasa, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa hata kisidondoshe tone. Miguu ya viti ivishwe vipande vya blanketi kuukuu. Kinu kitwangiwe nje, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kabisa.

Siku ya kuhama, kagueni pamoja na mwenye nyumba vyumba vikiwa vitupu, picha za mwanzo zikiwa mkononi, na funguo uzikabidhi akishatia sahihi kwamba sakafu ameipokea.