Bima ya afya ya wafanyakazi: ninavyompangia mwenye biashara ndogo Kenya

Mimi ni karani wa mishahara. Wateja wangu ni wenye maduka, mikahawa na karakana za Mombasa, watu wenye wafanyakazi watano au kumi. Wakija huuliza asilimia ya kukata kwa bima ya afya. Asilimia ndiyo rahisi; kazi iko kwenye orodha ya majina na tarehe.

Tangu Oktoba 1, 2024, SHIF (mfuko wa bima ya afya ya jamii) ilipochukua nafasi ya NHIF (mfuko wa zamani wa bima ya hospitali), mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya malipo yake yote kabla ya makato, si ya mshahara wa msingi peke yake. Fundi wa kuchomelea kule Changamwe mwenye msingi wa 18,000, posho ya nyumba 4,000 na ovataimu 2,000 anakatwa juu ya 24,000, yaani shilingi 660. Ukipigia 18,000 utapata 495, na upungufu huo ni deni lako wewe.

Kima cha chini ni 300. Wa 10,000 hesabu yake ni 275, lakini mkate 300. Juu hakuna kikomo, ndiyo maana meneja wa 200,000 analalamika kuliko wote: NHIF ilimkata 1,700, sasa ni 5,500. Mpishi wa 20,000 alikatwa 750, leo ni 550. Mwonyeshe, maana hakuna anayemwambia.

Mwajiri haongezi chake kwenye SHIF kama afanyavyo kwa NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) na ushuru wa nyumba. Na tangu Desemba 27, 2024, SHIF hutolewa kwanza ndipo PAYE, kodi ya mshahara, ikahesabiwa. Anayetumia jedwali la zamani anamtoza mtu wake kodi isiyompasa.

Malipo yafike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Mimi hulipa tarehe 5, sitaki habari za mtandao kukwama usiku wa mwisho. Pesa uliyokwisha kumkata mtu usiinunulie saruji, hata kama mteja ameahidi kulipa Ijumaa. Adhabu ya kuchelewa ipo, lakini aibu kubwa ni fundi wako kuambiwa dirishani hospitalini, mtoto mgonjwa mkononi, kwamba michango haijaingia, na payslipu anayo mfukoni.

Siku ya kwanza ya kazi, kabla hajapewa ovaroli, mwambie apige *147# mbele yako. Tazameni kama amesajiliwa SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, jina linalingana na kitambulisho, na mke au mume na watoto wameongezwa. Hili la wategemezi ndilo linalosahaulika sana.

Usidhani ukimwita mtu kibarua umeponea. Akifanya kazi mfululizo usiopungua mwezi mmoja, Sheria ya Ajira ya 2007 inaanza kumtazama kama mwenye mkataba. Akitimiza miezi miwili mfululizo, ana haki ya likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa malipo kamili na 7 kwa nusu, kila miezi 12, akileta cheti cha daktari.

Mwisho, SHIF haiondoi wajibu wa WIBA, sheria ya fidia ya wanaoumia kazini. Aliyekatwa kidole na mashine kazini analipwa fidia na wewe, na sheria inakutaka uwe na bima kwa ajili hiyo. Nunua kabla ya kuwasha mashine, na nakala ya cheti cha bima hiyo iwe faili moja na risiti za SHIF za kila mwezi. Mkaguzi wa leba akija utamkabidhi yote pamoja.