Somo: Kufufua msitu wa aspeni uliozeeka

Somo hili nalielekeza kwa wenzetu wa majimbo ya Minnesota, Wisconsin na Michigan, Marekani, wenye shamba la msitu wa aspeni, mti unaochipua upya kutoka mizizini. Aspeni wa huko akishafika miaka 50 hadi 60 huanza kuchoka: vilele vinakatika, uyoga mgumu unaota kwenye shina, na ndani moyo umeshaoza. Chini yake miti mingine michanga, inayovumilia kivuli, inangoja zamu. Ukikaa kimya, miaka michache mbele aspeni hutamwona tena.

1. Kagua kwanza. Mtaji wako ni mizizi, si mashina. Miti ikiwa imekufa karibu yote, na mizizi imeenda nayo. Usisubiri mpaka hapo.

2. Gawa eneo, ili na ndege wafaidi. Gordon Gullion, aliyewachunguza kwale wa msituni kule Cloquet, Minnesota, alionyesha kuwa ndege hawa wanataka miti ya rika tofauti iliyo karibu karibu. Ekari 40 zigawe vipande vinne, ukate kimoja kila baada ya miaka kumi.

3. Kata majira ya baridi, ardhi ikiwa imeganda. Mashine hazitaponda mizizi, na chakula cha mti kiko chini wakati huo.

4. Kata yote katika kipande hicho. Hapa ndipo wengi hushindwa, roho inawauma. Kilele kilicho hai hupeleka mizizini homoni ya auksini inayozuia machipukizi, na kivuli kinaua yale yatakayothubutu kutoka. Ni kama mgomba: mkubwa ukiuondoa, watoto wanapata nafasi. Ukikata nusu nusu umeharibu tu, mimi sioni faida yake. Bakiza magogo wima machache yenye matundu kwa ajili ya vigogota, basi.

5. Yalinde machipukizi dhidi ya kulungu. Kule Utah, shamba la aspeni liitwalo Pando, lenye mashina yapatayo 47,000 kutoka mzizi mmoja, limewekewa uzio sehemu kadhaa kwa sababu machipukizi yalikuwa yanaliwa yote.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Ninunue miche ya kupandia?
Marahaba. Okoa hela yako. Mizizi hai ikiwepo, ekari moja inaweza kutoa machipukizi 10,000 na zaidi, na mengine yanapita mita moja mwaka wa kwanza.

— Sasa hayo yote si nitapunguza?
Acha. Yatapunguzana yenyewe. Isitoshe, msongamano huo ndio unaowaficha makinda ya kwale wasionwe na mwewe.

— Kaka, kwa nini basi tusikate ekari zote kwa mkupuo, tumalize?
Kwa sababu kwale atakula nini? Wakati wa theluji anapanda kwenye aspeni dume waliokomaa kula vichipukizi vya maua. Ukifyeka vyote, umempa maficho ukamnyang'anya chakula.

— Na moto je, badala ya msumeno?
Moto nao huamsha mizizi, lakini aspeni mbichi hashiki moto kirahisi, na ukishika unaweza kuhamia kwa jirani. Usiwashe bila kibali na watu wenye vifaa.