Nyanya ya ndoo ikitoa maua: mbolea gani ya asili, kiasi gani, na lini uache

Nyanya ya kwenye ndoo ikifikia maua, mkulima wa mjini huanza kuhangaika. Shina limenenepa, majani yamejaa kibaraza, vishada vya kwanza vya njano vimechungulia, na kila jirani ana lake: mwagia maji ya maganda ya ndizi, tia majivu, ongeza samadi ya kuku, saga maganda ya mayai. Mengi ya hayo yana ukweli ndani yake, ila yanakuja wakati si wake. Mbolea ya asili haiwi chakula cha mmea siku ile inapotiwa. Lazima kwanza vijidudu vya udongo viivunjevunje, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, tena kwenye udongo wenye unyevu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho maua na matunda yatakula inatakiwa iwe ndani ya ndoo tangu siku ya kupandikiza miche. Unachoongeza baadaye ni kitoweo tu.

Kuna imani iliyoota mizizi kwamba maua huletwa na fosforasi, mojawapo ya virutubisho vya mmea, ndiyo maana watu hukimbilia unga wa mifupa mara waonapo kishada cha kwanza. Tazama nyanya yenyewe imebeba nini. Kilo moja ya nyanya mbivu ina takriban gramu 2.4 za potasiamu, gramu 1.4 za naitrojeni, na fosforasi gramu 0.24 tu. Yaani mche utakaokupa kilo 4 za matunda unaondoa ndooni karibu gramu 10 za potasiamu, na fosforasi haifiki hata gramu moja na nusu ukihesabu kwa ukarimu. Fosforasi kazi yake kubwa ni mwanzoni, mizizi inapojijenga, tena haisafiri udongoni. Ukinyunyiza unga wa mifupa juu wakati mmea umeshakufika kiunoni, utaukuta pale pale juu siku ya kung'oa. Unga huo, au ule wa mawe ya fosfeti ya Minjingu kutoka Manyara, unachanganywa na udongo wote kabla ya kupanda. Konzi moja kwa ndoo ya lita 20 inatosha msimu mzima. Vyote viwili huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali kidogo, hivyo usivitie pamoja na majivu, ambayo huipunguza tindikali hiyo.

Udongo wa kuanzia usiwe wa kubahatisha. Mimi hupendekeza sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina tena harufu ya zizi, na sehemu moja ya kitu cha kupitisha hewa: pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, au nyuzi za makumbi ya nazi. Nyuzi za makumbi zisuuzwe kwa maji baridi mara mbili tatu, kwa sababu nyingi hutoka pwani zikiwa na chumvi. Ndoo itobolewe chini. Nimeona ndoo nyingi mno zenye tundu moja la msumari, na mwenye nazo anashangaa mizizi inaoza.

Vitumba vya kwanza vikionekana, kabla havijafunguka, hapo ndipo pa kuongeza mboji juu. Usingoje maua yajae. Chukua lita moja ya mboji iliyokomaa, au ya minyoo kama unaipata, uitandaze ukiacha shina wazi kwa upana wa vidole vitatu. Ukikwangua kidogo uso wa udongo utaona kwa nini nasema utumie vidole na si kijembe: mizizi myembamba, myeupe kama uzi, imeshapanda hadi sentimita moja chini ya uso. Hiyo ndiyo mizizi inayolisha maua, na kijembe kitaikata yote kwa mkupuo mmoja. Changanya mboji na udongo wa juu taratibu, funika kwa matandazo ya majani makavu, mwagilia. Rudia baada ya wiki nne, kwa nusu ya kipimo kile.

Kati ya mara hizo mbili ndipo mbolea ya maji inapofaa, na hapa ningechagua majani ya alizeti mwitu, ile tithonia ya maua ya njano inayoota kando ya barabara Lushoto, Kilimanjaro na magharibi ya Kenya. Watafiti walioipima magharibi ya Kenya waliikuta, kwa uzito mkavu, na naitrojeni asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1. Potasiamu inaizidi naitrojeni, na ndivyo nyanya inavyotaka. Katakata majani na vikonyo laini, jaza ndoo hadi nusu, ongeza maji, funika kwa kitambaa, koroga kila siku. Itanuka, na majirani watauliza. Baada ya wiki mbili chuja, changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tano za maji safi, yawe na rangi ya chai ya rangi iliyopungua majani. Mpe kila mche nusu lita hadi lita moja kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, juu ya udongo ambao umeshamwagiwa maji ya kawaida. Mbolea ya maji kwenye udongo mkavu huunguza mizizi.

Asiye na tithonia atumie maganda ya ndizi na bua la mkungu wake kwa njia hiyo hiyo. Vina potasiamu nyingi ila naitrojeni kidogo sana, kwa hiyo si mlo kamili. Kuyaloweka maganda usiku mmoja na kumwaga asubuhi, kama inavyofundishwa kwenye video nyingi, kunatoa kidogo. Heri uyakate uyafukie kwenye mboji.

Samadi ya kuku ndiyo inayoharibu nyanya nyingi za mjini. Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alinionyesha miche mitatu iliyofika dirishani, kijani kibichi cha kuelekea weusi, shina nene kama kidole gumba, majani ya juu yamejikunja kuelekea chini.

"Bwana shamba, nyanya nzuri hivi, mbona hazizai?"

"Mara ya mwisho umeipa nini, mama?"

"Samadi ya bandani kwa kijana wangu. Kopo moja kila Jumamosi."

Kuku wa kisasa hula chakula chenye protini nyingi, na kinyesi chao kina naitrojeni karibu mara mbili ya samadi ya ng'ombe. Nusu yake hivi huachiliwa haraka. Mmea ukipata naitrojeni ya kumwagika hauoni haraka ya kuzaa. Unajenga majani, na majani hayo laini huwaita vidukari na inzi weupe. Shauri nililompa mama ni hili: asitie kitu kwa wiki mbili hadi tatu, atandaze konzi mbili za randa kavu za mbao na kuzichanganya na udongo wa juu kabisa, maana vijidudu vikizivunja randa hukopa naitrojeni iliyozidi, kisha aondoe machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina. Maua yaliyotangulia kupukutika hayarudi, lakini vishada vinavyofuata hushika. Samadi ya kuku iliyovundishwa kwa miezi mitatu na zaidi ni nzuri, kwa kukuzia, kabla ya vitumba. Kwa kuzalishia, iache.

Samadi mbichi ya mnyama yeyote haina nafasi kwenye ndoo yenye maua, na sababu si mmea peke yake. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai zipite angalau siku 90 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna, iwapo sehemu inayoliwa haigusi udongo, na siku 120 ikiwa inaugusa. Toka ua kufunguka hadi nyanya kuiva ni siku 40 hadi 60. Hesabu haikubali. Vimelea vya tumbo vilivyomo kwenye kinyesi kibichi huruka na matone ya maji hadi kwenye tunda, na nyanya ya kachumbari haipikwi.

Nije kwenye maganda ya mayai, kwa kuwa swali hili huja kila msimu: tunda changa linapata doa jeusi, limebonyea, upande wa chini. Huko ni kuoza kitako, na ni kweli kalsiamu imepungua ndani ya tunda. Haina maana kwamba imepungua ndooni. Kalsiamu husafiri na maji tu, kutoka mizizini kwenda juu. Ndoo ikikauka mchana mmea ukanyauka, kisha ikagharikishwa jioni, tunda linakosa sehemu yake hata kama udongo umejaa kalsiamu. Mche mkubwa wa nyanya kwenye jua la Dar es Salaam unaweza kunywa lita 2 na zaidi kwa siku, na ndoo haina akiba hiyo kwa siku mbili. Mwagilia asubuhi, na tena alasiri siku za joto kali, matandazo yasikosekane. Maganda ya mayai yaliyovunjwa kwa mkono utayakuta mwaka ujao yalivyo. Yakisagwa yakawa unga laini kabisa yanasaidia, ila kwenye udongo wa kupandia. Na kuna mtego: potasiamu nyingi huzuia mizizi isichukue kalsiamu. Anayemwaga maji ya ndizi kila siku mbili akidhani anaharakisha matunda anaweza kuuleta ugonjwa huo kwa mkono wake.

Majivu ya kuni yana potasiamu inayoyeyuka mara moja, na pia chokaa nyingi. Kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo kwa mwezi, basi. Usiyachanganye na samadi yenye naitrojeni nyingi, kwa maana ile harufu kali inayopanda puani ni naitrojeni yako inayokimbilia hewani. Majivu ya mkaa uliochanganyika na plastiki au mbao za rangi yatupwe.

Wakazi wa pwani wana tatizo jingine ambalo hakuna mbolea itakayolitatua. Maji ya visima vingi Dar es Salaam yana chumvi, na ndoo, tofauti na shamba, haina mahali pa kuipeleka. Tazama ukingo wa ndani wa ndoo, pale udongo unapokutana na plastiki. Ukiona ukoko mweupe, na ncha za majani ya chini zimeungua, mmea una kiu ndani ya maji. Kuongeza samadi hapo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Pitisha maji ya mvua au ya bomba taratibu, ujazo wa ndoo nzima, yatoke chini yote. Subiri siku tatu, ndipo uanze tena na mbolea ya maji iliyopunguzwa nusu. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi kama kisima ndicho tegemeo lako.

Kisha kuna joto. Mchana ukizidi nyuzijoto 32 hivi, na usiku usiposhuka chini ya 24, chavua ya nyanya hudhoofika na ua hudondoka na kikonyo chake. Ndiyo hali ya Dar kuanzia Januari hadi Machi. Anayepandikiza Aprili au mwanzoni mwa Mei anapata maua Juni na Julai, kukiwa na baridi yetu ya pwani. Aliyechelewa aweke kivuli cha wavu kuanzia saa sita, na asisukume mmea kwa mbolea. Kwenye kibaraza kisicho na upepo, gonga kijiti au kamba inayoshikilia shina kati ya saa nne na saa sita asubuhi, kila siku. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe likitikiswa. Wadudu wanaoliweza ni kama nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, wanaolitetemesha kwa misuli ya mabawa, na hawa hawafiki kirahisi ghorofa ya nne.

Lini uache kulisha inategemea mbegu. Cal J na Rio Grande ni fupi: hutoa maua mengi kwa pamoja, matunda yakaiva karibu wakati mmoja. Vishada vingi vikishafikia ukubwa wa goroli na kuendelea, mpe mbolea ya maji mara mbili za mwisho kisha maji matupu. Moneymaker na Anna F1 ni ndefu, huku zinaiva chini huku zinachanua juu, hivyo endelea kila wiki mbili hadi ukate kilele. Kwa ndoo ya lita 20 ningekikata baada ya kishada cha tano. Cha sita kitakuja, lakini matunda yake ni ya ukubwa wa ngogwe (nyanya chungu).

Msimu ukiisha, udongo wa ndoo usirudishiwe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Zote ni ukoo mmoja na zinarithishana ugonjwa wa mnyauko. Fosforasi uliyoitia mwanzoni bado imo, sehemu kubwa. Ongeza lita mbili za mboji, sia kunde za kuchuma majani au mchicha, na mizizi ya nyanya iliyovimba vinundu uichome, usiipeleke kwenye shimo la mboji.