Jinsi ya kuwashika kichwani watawala wa kale wa Waslavi (watu wa Ulaya mashariki na kati) bila kuchanganyikiwa

Kwanza toa ramani ya leo kichwani, ukianza kuuliza huyu alikuwa wa nchi gani ushapotea. Hawa jamaa wa karne ya 7 mpaka ya 10 wafikirie kama watemi wa huku kwetu Ugogo, kila mmoja na eneo lake na majirani wa kugombana nao. Mi nikikuta neno knyaz, cheo cha mtawala wa Kislavi, nasoma mtemi, basi. Sio sawasawa kabisa, mtemi wa Kigogo alishika mawe ya kuombea mvua na knyaz alishika upanga, ila inasaidia.

Chukua kalenda ya mwaka jana, geuza nyuma, andika majina, kila jina liulize: nani alikuwa anambana, na ubatizo wa Kikristo aliupata wapi? Samo, kuanzia kama 623, alibanwa na Waavari (wapanda farasi waliotoka nyika za mashariki) na Wafranki (dola kubwa ya magharibi), ubatizo hakuna, wake 12, alipokufa na dola ikafa naye. Rastislav wa Moravia, kwenye Ucheki ya leo, alibanwa na Wafranki wa mashariki, mapadri wao hakuwataka, akatuma watu Konstantinopoli, mji mkuu wa Wabizanti (Istanbul ya leo), na 863 ndo wakaja wamisionari ndugu Cyril na Methodius na herufi za kuandikia Kislavi, kumbe siasa tupu! Mieszko wa Poland 966 kupitia kwa Wacheki, alikooa. Vladimir wa Kyiv 988, Konstantinopoli tena.

Kwa Igor wa Kyiv usiharakishe. 945 kaenda kukusanya kodi kwa Wadrevlia, kabila la Waslavi lililokuwa chini yake, kapata, njiani akaona haitoshi, akawaambia askari wengi waende nyumbani ye akarudi na wachache kudai nyingine. We fikiria mtu wa ushuru pale soko la Sabasaba arudi mara ya pili siku hiyo hiyo! Wakamuua. Mkewe Olga akalipiza vibaya sana, halafu akafanya la maana, akapanga kodi iwe kiasi gani na ilipwe wapi. Ukielewa hapo umeelewa dola zile zilikuwa zinakula nini.

Mwisho, majina ya -slav ni mengi mno, andika na mahali. Boleslav wa Praha ndo yule wa kumuua kaka yake Wenceslas, Bolesław wa Poland ni mtoto wa Mieszko. Niliwachanganya wiki nzima mpaka nikagundua wa Praha ni babu mzaa mama wa huyu wa Poland, yani jina la babu kama tunavyopeana huku.