Panya Akitokea Chooni, Usimwombe Mtu Radhi

Aliibuka alfajiri kwenye choo cha kukaa, manyoya yamelowa, ananitazama kana kwamba mgeni ni mimi. Nilifunga kifuniko, nikaweka ndoo ya maji juu yake. Hapo sikukosea. Kosa lilikuja asubuhi, nilipomwandikia wakala wa nyumba ninayopanga huku ugenini, nikaanza, kwa malezi yetu, na "samahani sana kwa usumbufu".

Kwetu hiyo ni adabu tu. Wao waliisoma kama kukiri kosa. Nikajibiwa kuwa tatizo ni usafi wa mpangaji, na gharama ya sumu ikakatwa kwenye amana yangu. Sumu yenyewe iliwekwa mara mbili. Panya mmoja akafia ukutani, tukaishi na uvundo wake, na wenzake hawakuacha kuja.

Panya wa mitaroni hajali umesugua sakafu au la. Ni mwogeleaji, hubana pumzi hadi dakika 3, na maji yanayotuama kwenye kona ya bomba la choo ni kama sentimita 5 tu. Fundi bomba alipopitisha kamera tuliona chanzo: nyuma ya kabati la jikoni kuna bomba la choo cha zamani, choo kimeng'olewa, bomba limeachwa wazi. Lilikuwa hapo kabla sijapewa funguo.

Basi andika ulichoona, wapi, saa ngapi, weka picha, na udai kamera ipite kwanza kabla ya sumu. Usiandike samahani. Wala "labda ni sisi". Nasema tena: usiandike samahani.

Tundu lizibwe kwa simenti, maana povu la kuzibia panya hulitafuna. Kwenye chemba fundi afunge vali ya njia moja, inayopitisha maji kwenda nje lakini haimruhusu panya kupanda. Ukisafiri muda mrefu, mtu aje avute maji, yasikauke kwenye kona.

Na nyinyi shangazi zangu mnaosema nifuge paka: nawapenda, ila paka haingii ndani ya bomba.

Kilichoniuma zaidi ni majirani. Wa juu yangu walishawaona panya hao zamani. Watu wa huku watakusalimu kwenye lifti kila siku, lakini jambo la aibu hawakuambii; kwetu jengo zima lingejua kabla jua halijapanda.

Ripoti ya fundi niliituma bila hata salamu. Nusu ya makato imerudi. Kwa nusu iliyobaki, bado wananionyesha ile samahani.