Somo: Kuzoea kifaa cha kusikia wakati sikio moja limekufa

Somo hili ni la wale ambao sikio moja halisikii tena, la pili ni zima au karibu zima, na sasa wamepata kifaa. Wengi hukivaa siku chache, wanakasirika, kinaishia kwenye droo. Sababu ni ileile kila mara: walitegemea sikio la pili lirudi. Halirudi. Kifaa kinaokota sauti za upande uliokufa na kuzipeleka kwenye sikio zima, basi. Kazi yako ni kuufundisha ubongo kuzipokea, na kujua pa kukaa.

Kabla ya yote: kama sikio limeziba ghafla wiki hii, acha kusoma, nenda kwa daktari wa ORL (masikio, pua na koo) leo. Usitie mafuta ya moto, usingoje Jumatatu. Dawa za steroidi zinasaidia zikianzwa mapema, katika wiki mbili za kwanza, na kila siku inayopita inapunguza nafasi yako.

Hatua ya 1: Jua umepewa kifaa gani

Vipo vya aina tatu. Cha kwanza kinaitwa CROS, na wazo lake lina umri: lilielezwa Marekani mwaka 1965. Unavaa vipande viwili. Kile cha upande uliokufa ni maikrofoni tu, na cha upande mzima kinapokea na kukusikilizisha. Cha pili kinapitisha sauti kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kikishikwa na mkanda wa kichwa au na skrubu iliyopandwa kwenye mfupa. Upasuaji huo ulianza Gothenburg, Sweden, mwaka 1977. Sauti inapita fuvu zima hadi sikio la ndani la upande wa pili. Cha tatu ni kipandikizi cha koklea, kinachopandwa kwa upasuaji ndani ya sikio lililokufa lenyewe, ambacho nitakigusa kwenye maswali. Hapa nasema zaidi juu ya CROS.

Hatua ya 2: Kivae sawasawa

Alama nyekundu ni kuume, ya bluu ni kushoto. Halafu angalia kile kimpira kinachoingia kwenye sikio zima. Kwa mtu mwenye sikio zima kweli, kinapaswa kuwa chenye matundu, kiache hewa na sauti za kawaida ziingie zenyewe. Ukihisi kama umetia kidole sikioni, au sauti yako mwenyewe inavuma kichwani, rudi ubadilishiwe. Ni sikio moja tu ulilo nalo, halifai kuzibwa.

Jaribio la nyumbani: sugua vidole karibu na sikio lililokufa. Ukisikia mkwaruzo, mambo yanakwenda.

Hatua ya 3: Siku za kwanza, nyumbani

Anza na saa chache, mlango umefungwa, redio imezimwa. Utashangaa vitu vinavyopiga kelele: ufagio, mfuko wa plastiki, kifuniko cha sufuria. Ubongo uliokuwa umesahau upande ule unaona kila kitu ni habari. Baada ya hapo mwombe mtu akae upande uliokufa akusomee kitu, gazeti au Zaburi, kwa sauti ya kawaida, nawe urudie alichosema. Kisha asogee hatua mbili. Kisha geuza uso usimwone midomo. Ongeza saa kila siku mpaka unakivaa tangu asubuhi hadi usiku. Kukivaa Jumapili tu kwenda kanisani hakukufundishi chochote, na kanisa ndilo pahali pagumu kuliko yote.

Hatua ya 4: Kelele

Hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kichwa chako ni ukuta. Sauti nzito hukizunguka bila shida, lakini sauti kali za juu, kama s, f, t na k, hukwama upande wa pili na kufika zimepungua hata desibeli 15 na zaidi. Mtu akisema "saa" upande uliokufa, unabaki na "aa", ukisie kama ni saa, taa au kaa. CROS inarudisha hizo herufi, na kwenye chumba tulivu utaona faida palepale.

Lakini ukuta huohuo ulikuwa unakukinga. Kaa kwenye nganda (baa), spika iko upande uliokufa, rafiki yako upande mzima: bila kifaa, kichwa kinazuia sehemu ya muziki. Ukiwasha kifaa unamwaga ule muziki wote kwenye sikio lako zuri, juu ya maneno ya rafiki. Kwa hiyo kanuni ni hii: mtu unayemtaka akiwa upande uliokufa, washa, kelele ikiwa upande uliokufa, zima ile maikrofoni. Jifunze kuizima kwa kidole bila kuangalia. Kwenye uwanja wa mpira wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, siku Mazembe wanacheza, mimi nazima kabla sijapita mlango.

Mezani pia chagua. Kaa pembeni, sikio zima likielekea watu, lililokufa likielekea ukuta. Kama bukari (ugali) inaliwa na watu wanane wanaosema wote pamoja, hakuna kifaa duniani kitakachokupa maneno yote. Chagua wawili.

Hatua ya 5: Barabarani

Sikio langu lililokufa ni la kushoto, na Kongo tunaendesha kuume. Maana yake, ninaposhuka ukingoni, gari au pikipiki ya kwanza kunifikia inatoka kushoto. Kifaa kinaniambia kuna honi, lakini kila honi naisikia kuume. Ukifuata sikio unageuza kichwa upande usio na hatari. Macho kwanza, pande zote mbili, hata kama unasikia kimya. Na ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, kumbuka huko wanaendesha kushoto.

Taksi: magari mengi ya Lubumbashi yaliingia kutoka kusini, volani iko kuume. Ukikaa mbele kwenye gari kama hilo, dereva yuko kuume kwako. Volani ikiwa kushoto, yuko kushoto. Angalia volani kabla ya kuchagua kiti. Watu hucheka, lakini unafika umesikia bei.

Hatua ya 6: Kutunza

Kiangazi vumbi jekundu linaziba maikrofoni. Futa kila jioni kwa brashi kavu, kamwe maji. Mvua ikianza, vua ukiweke mfukoni ndani ya kikopo, na usiku kilale na vile vifuko vya kukausha unyevu. Chenye kuchajiwa kichaji umeme ukiwapo, si usiku tu, maana usiku umeme unaweza usirudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Katuba: Mtoto wangu ana miaka saba, sikio la kuume lilikufa baada ya matubwitubwi. Nimtafutie CROS?

Pole, Mama. Matubwitubwi hufanya hivyo, na mara nyingi upande mmoja. Kwa mtoto mdogo usikimbilie CROS, kwa sababu inahitaji mtu anayejua lini azime, na darasani kelele iko kila upande. Kinachomsaidia zaidi ni maikrofoni ndogo anayovaa mwalimu, inayotuma sauti moja kwa moja kwenye sikio zima. Kama haipatikani, kiti: mbele, upande wa kuume wa darasa akitazama ubao, ili sikio la kushoto lielekee mwalimu na wenzake. Mwombe mwalimu aandike hilo, viti hubadilishwa.

Mwanafunzi, Kasapa: Yaya, nimezoea kabisa, lakini simu ikilia ndani ya nyumba bado naitafuta kama kipofu. Itakuja?

Kwa CROS au kifaa cha mfupa, hapana, mdogo wangu. Ubongo hujua mahali kwa kulinganisha masikio mawili, tofauti ya muda isiyofika milisekunde moja. Sauti zote zikiingia sikio moja, hakuna cha kulinganisha. Kipandikizi cha koklea kinaweza kurudisha sehemu ya uwezo huo kama mshipa wa kusikia uko hai. Marekani iliruhusu kitumike kwa watu wa sikio moja mwaka 2019. Ni upasuaji na mazoezi marefu. Kwa leo, wafundishe watu wa nyumbani: ukiita, wasijibu "niko huku!" Wajibu "niko jikoni".

Papa wa Kampemba: Nafanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe. Nikivae kazini?

Papa, hapana. Kifaa hakikingi sikio. Kuanzia desibeli 85 kwa saa nane za kazi sikio linaanza kuumia, na wewe huna la akiba. Kiache kwenye kabati, vaa vizuia-kelele vya kufunika masikio yote mawili.

Dada wa Kenya: Changu ni cha mkanda. Nyuma ya sikio panauma jioni.

Mkanda ushike bila kubana: kidole kimoja kipite chini yake. Sogeza kile kitufe kidogo mahali pengine pa mfupa kila siku, na upumzike katikati. Wekundu usiokwisha ukivua, au kidonda, rudi kwa aliyekufungia.

Mama wa Katuba: Na zile betri, naweza kutumia za saa?

Hapana, Mama, hata kama zinaingia. Za kifaa zinafanya kazi kwa hewa. Soma namba: 312 ina kibandiko cha kahawia, 13 cha machungwa, 10 cha njano. Bandua kibandiko siku ya kutumia tu, ungoje dakika mbili tatu kabla ya kufunga mlango wake. Ukishabandua, inaendelea kuisha hata ukiirudisha kwenye pakiti.