Kuhesabu mkono wa kribeji bila kuacha alama

Kribeji ni mchezo wa karata uliozuka Uingereza katika karne ya 17, na watu wawili wanaoucheza hushindania kufika alama 121. Ninaufundisha jioni barazani hapa Mikindani. Wanafunzi wangu, ambao wengi wamekulia kwenye bao na huhesabu kete kwa kutupa jicho, hujifunza kucheza upesi, lakini hupoteza alama kwa sababu huhesabu mkono bila utaratibu.

Kwanza, panga karata zako nne pamoja na ile iliyofunuliwa, yaani karata moja ya juu ya rundo lililobaki ambayo wachezaji wote wawili huihesabu, kuanzia ndogo hadi kubwa. Ree ni moja. Jeki, malkia na mfalme kila mmoja ni kumi. Tuchukue mfano wa 6, 7, 8, 8 na 9.

Pili, tafuta kila mkusanyiko unaotoa kumi na tano, kwani kila mmoja una alama mbili. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo anza na karata kubwa kuliko zote, uijaribu na kila karata iliyo chini yake, kisha na mbili mbili, ndipo uiache na kuhamia inayofuata. Tisa na sita ni alama mbili. Nane ya kwanza na saba, jumla sasa ni nne. Nane ya pili na saba ileile, jumla ni sita. Anayeanza humwambia mwenzake nane zote zimekwisha hesabiwa, ilhali kila moja ina haki yake. Mimi humwekea korosho moja mkekani kwa kila kumi na tano, naye huona kwa macho kwamba ziko tatu.

Tatu, hesabu pea. Karata mbili zinazofanana ni alama 2, tatu ni 6, nne ni 12. Jeki na mfalme si pea, ingawa wote ni kumi. Nane zetu mbili zinatufikisha alama nane.

Nne, hesabu mfululizo wa karata tatu au zaidi, alama moja kwa kila karata. Sita, saba, nane, tisa ni alama nne, na kwa kuwa nane ziko mbili, mfululizo ni miwili: alama nane zaidi. Jumla ni 16.

Tano, karata zako nne zikiwa zote kopa, au zote shupaza, ni alama 4, na iliyofunuliwa ikilingana nazo ni 5. Jeki aliye mkononi, akiwa wa aina moja na iliyofunuliwa, ana alama moja.

Ukipata jumla ya 19, rudia, kwa sababu hakuna mkono unaotoa idadi hiyo. Mkubwa kuliko yote ni wa 29: tano tatu na jeki mkononi, huku ikifunuliwa tano ya aina ya jeki huyo.

Asiyegawa huhesabu kwanza, kisha mgawaji huhesabu mkono wake, na mwisho lile fungu la karata nne zilizotupwa mwanzoni, mbili kutoka kwa kila mchezaji, ambalo ni lake. Katika fungu hilo, aina moja huhesabiwa iwapo tu karata zote tano zinalingana. Mgawaji aliyebakiza alama tatu, mwenzake akiwa amebakiza kumi, anaweza kushindwa kabla hajafunua mkono wake.